Nimepanda maua ya kila rangi, vipepeo wote wanashukia kwa jirani mwenye magugu. Nimekosea wapi?

#1 Kiwanja_Goba
Wakuu, habari zenu. Niko Goba, Dar. Nilipomaliza ukuta mwaka jana nilipanda maua ya vichaka kuuzunguka kwa ndani: iksora nyekundu, haibiskasi ile yenye petali nyingi nyingi, bogenvilia za rangi tatu, na duranta pembeni ya geti. Muuza miche alinihakikishia vipepeo watajaa hadi nichoke. Lengo lilikuwa hilo hasa, maana wanangu kipepeo wanamjua wa kwenye katuni.

Maua yametoka, tena si haba. Vipepeo sasa! Wanavuka ukuta kwa juu, wanapita bustani yangu bila hata kupunguza mwendo, wanashuka kwa jirani ambaye kiwanja hajakigusa tangu anunue, majani yamefika kiunoni. Kule wapo wa kila aina: weupe, wa njano, wadogo wa buluu, na yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa.

Namwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima. Samadi naweka. Dawa napiga kila baada ya wiki mbili ili majani yasitobolewe. Nibadilishe maua, au nimwombe jirani afyeke labda watahamia kwangu?

#2 Mpita_Njia
Ngoja waje wajuzi. Naweka kambi hapa.

#3 MamaMiche
Unapiga dawa kila wiki mbili halafu unauliza vipepeo wako wapi. Kipepeo ni mdudu, mkuu. Dawa haichagui.

#4 Kiwanja_Goba
@MamaMiche napiga kwenye majani, maua siyagusi.

#5 MamaMiche
Na mtoto wa kipepeo anaishi wapi? Kwenye majani. Hao wanaokutobolea ndio vipepeo wenyewe kabla hawajaota mabawa. Ukitaka majani yasiyo na tundu nunua maua ya plastiki Kariakoo, hayahitaji hata maji.

#6 Chuma_Chakavu
Msimchoshe mtu bure. Kipepeo anaishi siku moja tu, kesho yake amekufa. Hata wakija hutawafaidi.

#7 Mdudu_Kazi
Hapo #6 umepotosha. Wapo wadudu wanaotoka majini ambao wakishaota mabawa huishi siku moja au mbili, ila kipepeo wa kawaida akishatoka kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, huishi wiki kadhaa, na wapo wanaozidi hapo.

Kwa mleta uzi: dawa ni sehemu ya tatizo, lakini si lote. Kipepeo akitaka kunywa nekta, yale maji matamu ya ua, hachagui sana. Jike akitaka kutaga ndipo anapochagua, kwa sababu kiwavi wa kila aina ana mimea yake michache na nje ya hiyo anakufa njaa. Jike hutua juu ya jani na kuligongagonga kwa miguu ya mbele, maana vionjo vyake viko miguuni. Asiporidhika anaondoka. Sasa angalia orodha yako: ni maua ya kunywea, karibu hakuna pa kutagia. Wanaokutembelea watakuwa wapita njia siku zote.

Nikuchambulie hao uliowataja. Wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, Danaus chrysippus, anataga kwenye mimea yenye utomvu mweupe wa jamii ya mpamba mwitu. Wale wa njano hafifu wakubwa kiasi hutaga kwenye jamii ya mjohoro, ile mimea ya Senna. Wadogo wa buluu wapo wa aina nyingi, na mmojawapo anapenda sana plumbago. Halafu kuna yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus, hujamtaja ila lazima yupo: huyo ni wa ndimu, limau na chungwa. Panda mdimu mmoja, uache kuupiga dawa, uone.

#8 Tanga_Raha
Kabla hujamwambia jirani afyeke: hayo majani yake yana viua vyeupe vyenye alama ya zambarau kwenye mdomo wa chini? Yanatambaa na kupanda juu ya ukuta?

#9 Kiwanja_Goba
@Tanga_Raha nimechungulia sasa hivi. Ndiyo, yapo mengi. Na yale yenye vimbegu vinavyoganda kwenye suruali.

#10 Tanga_Raha
Ya kwanza ni tikini, sisi tunapika kwa nazi. Ya pili ni kishona nguo. Jirani yako ana bustani ya vipepeo kamili bila kutumia senti.

#11 Mdudu_Kazi
@Tanga_Raha umeua. Tikini ni chakula cha viwavi wa vipepeo kadhaa, akiwemo yule mweusi mwenye duara la buluu inayong'aa kwenye mabawa ya nyuma. Na kishona nguo ni miongoni mwa maua ambayo vipepeo wadogo wanayapenda kuliko mengi ya bei mbaya, kwa sababu nekta iko karibu na mdomo wa ua.

#12 Pwani_Gede
Salamu kutoka Kilifi. Hiyo tikini huku kwetu ni futswe, na ukikosa futswe hujala mboga.

Niongeze la kazini. Hapa Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993. Watu wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa, nao hupelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Mfugaji wa hapa haanzi na ua hata siku moja. Aanza na mti wa kiwavi. Ajua kipepeo fulani ataka mti fulani, atafuta miche yake, aipanda nyuma ya nyumba, ikishashika majani ndipo aweka jike kwenye kizimba. Mayai yakianguliwa viwavi wahamishiwa kwenye tawi na kufungiwa mfuko wa neti, wasiliwe na ndege wala nyigu. Ua la nekta lipo pia, laning'inia mle kizimbani, lakini hilo ni la kumshibisha mama tu.

Kwa hivyo nakubaliana na Mdudu_Kazi. Mleta uzi amejenga mkahawa, hakujenga nyumba ya uzazi.

#13 Hela_Kwanza
@Pwani_Gede hiyo biashara inalipa? Na Tanzania inaruhusiwa? Niko siriasi, nina eka mbili Kibaha.

#14 Tanga_Raha
Amani, Usambara Mashariki, watu walikuwa wanafuga na kuuza hivyo hivyo. Mwaka 2016 yakapigwa marufuku mauzo ya wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo vikaingizwa humo humo. Kabla hujalima eka mbili za chakula cha viwavi, kaulize kwanza sheria ya leo inasemaje. Pale Pete, karibu na Jozani, Unguja, wanafuga kwa ajili ya watalii wanaokuja kuangalia.

#15 Mzee_Korogwe
Vijana mnakimbilia mbali. Mleta uzi hajasema ni mwezi gani. Kipepeo ana msimu wake. Mvua za masika zikishanyesha na majani mapya yakatoka, subiri kidogo, utawaona mpaka barabarani wanagongwa na magari. Kiangazi kikikaza hata huyo mwenye magugu hapati kitu. Na hao weupe wanaovuka ukuta kwa juu wengi wao wako safarini. Utawaona wote wanaelekea upande mmoja, kutwa nzima, hawatui. Hao hata ungewawekea sharubati wasingeshuka.

#16 Kiwanja_Goba
Shikamoo Mzee. Weupe kweli wanaelekea upande mmoja. Lakini wa rangi ya chungwa wanakaa kwa jirani kutwa.

#17 Mzee_Korogwe
Marahaba. Basi hao wana lao.

#18 Fundi_Bustani
Nimesoma yote, mmesema ya maana, lakini mmeruka ua lenyewe. Mimi natengeneza bustani za watu, na hili nakutana nalo kila mara.

Haibiskasi ya petali nyingi ni nzuri machoni pa binadamu tu. Zile petali za ziada zilikuwa nyuzi za chavua, zimebadilishwa kuwa mapambo. Kipepeo akitua anakuta mkunjo juu ya mkunjo, hafiki chini kwenye nekta. Ile ya petali tano ingekufaa zaidi. Bogenvilia nayo: unachokiona chekundu na cha zambarau si ua, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale keupe kembamba katikati. Rangi nyingi, kinywaji kidogo.

Iksora ina nekta, sikatai, ila mrija wake ni mwembamba na mrefu. Huwa inawavuta wakubwa wenye mirija mirefu ya kunyonyea, kama yule wa ndimu. Wadogo wa buluu hawawezi kufika. Duranta ndiyo uliyopatia, tatizo watu wanaikata mraba kila wiki haipati kutoa ua. Yako unaikataje?

Kama ningekupangia mimi, ningeanza na pentas. Ni mmea wa kwetu kabisa, unaota porini milimani Usambara na Kenya, na leo Wazungu wanautumia kuvutia vipepeo kwenye bustani zao. Kila kichwa kina viua vingi vidogo vya nyota, kipepeo anatua mara moja anakunywa vyote. Chukua nyekundu na pinki, upande fungu la rangi moja pamoja, usichanganye moja moja. Kipepeo anaiona nyekundu vizuri, na fungu kubwa linaonekana kwa mbali.

Kupanda ni rahisi. Kata tawi laini lisilo na ua, urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, usiache ikauke. Ikishika mizizi hamishia juani. Vichwa vikinyauka vikate, vitatoka vingine pembeni. Ikirefuka miguu ikabaki na majani juu tu, usiihurumie, kata hadi nusu mvua zikianza.

#19 Kiwanja_Goba
Duranta naikata mraba. Kila Jumamosi.

#20 MamaMiche
😂😂 Jumamosi kinyozi, Jumapili kilio.

#21 Boss_wa_Kivule
Mnamzungusha. Panda lantana, yaishe. Haitaki maji, haitaki samadi, inatoa maua mwaka mzima, na kwangu vipepeo hawakauki. Angalieni kichwa chake: viua vya katikati vya njano, vya pembeni vimegeuka pinki. Vya njano ndio vipya vyenye nekta, vikishapitiwa vinabadilika rangi. Vipepeo wanajua, wanachomeka mrija kwenye njano tu.

#22 Dokta_Mifugo
Boss, hilo la rangi uko sahihi. Lakini usimshauri mtu lantana bila kumwambia upande wa pili. Ni mmea wa Amerika ya kitropiki, umeletwa kama pambo ukageuka balaa. Ndege wanakula matunda, wanasambaza mbegu, malisho yanafungwa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakila majani ini linaharibika. Mnyama anakuwa wa manjano kwenye fizi na macho, ngozi isiyo na manyoya mengi inaungua kwa jua mpaka inabanduka, pua inapasuka. Nimesimama juu ya ng'ombe wa hivyo, amejificha chini ya mwembe hataki kutoka kwenda juani hata kwa pumba. Na matunda mabichi si ya kuchezea watoto.

#23 Boss_wa_Kivule
Dokta, Goba nani anafuga ng'ombe? Na lantana imeshajaa kila korongo, kichaka kimoja cha kwangu kitaongeza nini?

#24 Dokta_Mifugo
Kila mmoja aliyepanda alisema hivyo hivyo. Na ndege wa Goba hana mpaka wa wilaya.

#25 Fundi_Bustani
Hapa mimi niko na Dokta. Ila nimekutana na wateja wanaoikata kila vichwa vinaponyauka, kabla tunda halijakomaa, na haisambai. Inahitaji mtu wa kuisimamia. Asiyeweza kusimamia asipande.

#26 Boss_wa_Kivule
Nasimamia. Mkasi ninao.

#27 Dada_Reading
Niko Uingereza. Huku kichaka cha vipepeo ni buddleja, yenye mikia mirefu ya maua ya zambarau. Asili yake ni China, sasa imekuwa gugu la kwenye reli na mapaa ya majengo mabovu. Jua likitoka mwezi wa saba utahesabu vipepeo mpaka uchoke. Nilijaribu kumpelekea mama Kigamboni, ikawa majani tu, ikafa.

#28 Usa_River
@Dada_Reading Kigamboni joto limeizidi. Huku Arusha inastawi vizuri, na Lushoto pia nimeiona. Kata sana baada ya maua, inatoa kwenye matawi mapya. Milimani kwetu tuna buddleja ya asili pia, maua yake ya rangi ya chungwa yananukia asali, wafuga nyuki wanaijua.

#29 Jambiani_Kwetu
Assalaam aleikum. Mleta uzi, hizo iksora majani yake ni ya kijani kamili au yamepauka, mishipa tu ndiyo kijani?

#30 Kiwanja_Goba
Waaleikum salaam. Yamepauka, mishipa kijani. Nilidhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza.

#31 Jambiani_Kwetu
Hiyo si njaa ya mbolea. Huku Unguja juu ya mawe ya matumbawe twaijua sana. Iksora yataka udongo wenye uchachu kidogo. Ikipandwa penye chokaa haiwezi kufyonza madini ya chuma hata kama yamo, jani lapauka namna hiyo. Wewe huna matumbawe, lakini una ukuta mpya. Mafundi walimwaga zege na masalia ya saruji wapi? Hapo hapo kwenye mtaro wako. Chimba kidogo utakuta vipande vyeupe. Juu yake watia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Mmea wenye dhiki hutoa ua, lakini nekta yake haba. Kipepeo aonja mara moja, harudi.

Toa zile taka za saruji, jaza mboji nyingi na majani yaliyooza, kinga maji ya mvua kwenye pipa uwe wamwagilia hayo. Ikishindikana ihamishie iksora kwenye chungu.

#32 Mdudu_Kazi
Hoja nzuri ya saruji. Ila sidhani kama nekta kupungua peke yake kungewafukuza wote. Duranta ya getini nayo iko kwenye saruji hiyo hiyo?

#33 Jambiani_Kwetu
Duranta yeye ashasema haijapata kutoa ua, kila Jumamosi yapigwa mkasi. 😄

#34 Bibi_Harusi_Mtarajiwa
Mimi nauliza la pembeni. Si wanasema kipepeo akiingia ndani kuna mgeni anakuja? Sasa ukiwafuga hivyo?

#35 Hela_Kwanza
Ndio maana sitaki hata mmoja. Sukari yenyewe bei gani.

#36 Chuma_Chakavu
Mimi jioni wananijia wa kahawia wanene wanaizunguka taa. Hao ni wageni wa aina gani?

#37 Mdudu_Kazi
Hao ni nondo, mkuu.

#38 Chuma_Chakavu
Za milimita 12? Nina slabu ya kumwaga.

#39 Mdudu_Kazi
😂 Hao hawabebi slabu. Na ukitaka kuwaona vizuri panda mwasmini, ua jeupe lenye harufu ya usiku. Kipepeo wa mchana hana haja nalo, harufu ile inawaita nondo.

#40 Muscat_Mswahili
Mtu #7 ametaja mmea wa utomvu mweupe. Huku Oman ule mpamba mwitu uko pembeni mwa barabara jangwani, na kipepeo huyo huyo wa chungwa na ncha nyeusi yuko juu yake. Swali: ni salama kuupanda penye watoto?

#41 Mdudu_Kazi
Si wa kuchezea. Utomvu wake una sumu ya moyo, na ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Vaa glavu, upande nyuma ya kitu, watoto waambiwe.

Lakini sumu hiyo ndiyo utamu wa hadithi yenyewe. Kiwavi anaila, anaihifadhi mwilini, hadi anapokuwa kipepeo bado anayo. Ndege akimla anatapika, hamrudii tena. Ndiyo maana anaruka taratibu bila wasiwasi. Kiwavi mwenyewe huwezi kumkosea: pete nyeusi, nyeupe na njano mwili mzima, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni zinazochezacheza akitembea. Pupa ni kijani au pinki, ananing'inia kichwa chini, na ukimsogelea utaona vitone vinavyong'aa dhahabu kabisa.

Kuna aina nyingine, Hypolimnas misippus, jike lake linafanana naye ncha kwa ncha ila halina sumu hata tone. Anaishi kwa sura ya mwenzie. Kiwavi wake anakula nini? Tikini, pamoja na mimea mingine. Kwa hiyo mleta uzi, inawezekana hao wa chungwa kwa jirani ni feki.

#42 Kiwanja_Goba
Nitawatofautishaje?

#43 Mdudu_Kazi
Bawa la nyuma. Danaus wa kweli ana vidoti vyeusi vitatu au vinne katikati ya bawa la nyuma. Feki ana kimoja tu, ukingoni kwa mbele. Na dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na buluu, wala hafanani na mkewe.

#44 Pwani_Gede
Jambo jingine kuhusu madume ya Danaus. Panda marejea kidogo, ile ya kurutubisha shamba. Ng'oa shina moja uliache likauke juani. Madume watakuja kulikwangua na kunyonya. Si nekta hiyo, wanatafuta kemikali ya kutengenezea harufu ya kumvutia jike.

#45 Usa_River
Manukato ya kwenda kuposa. Sawa.

#46 MamaMiche
Turudi kwenye dawa, maana mmeisahau. Kiwanja, umeacha?

#47 Kiwanja_Goba
Nimeacha ya dukani. Nimeloweka majani ya mwarobaini, hiyo ni ya asili.

#48 MamaMiche
Ya asili, ndiyo. Na kiwavi akila jani lenye mwarobaini anashindwa kujivua ngozi, anakufia humo humo. Wewe una vita na watoto wa vipepeo, sijui walikukosea nini.

#49 Hela_Kwanza
Lakini si kweli tukiwaacha viwavi watakuwa viwavijeshi? Mahindi yangu Kibaha yaliisha.

#50 Dokta_Mifugo
Hapana. Viwavijeshi ni watoto wa nondo, ukoo mwingine. Yule mvamizi wa mahindi alifika Tanzania 2017, asili yake ni Amerika. Kiwavi wa ndimu ukimweka kwenye hindi anakufa njaa.

#51 Tanga_Raha
Kiwavi wa ndimu mimi nilimdhania kinyesi cha ndege. Mdogo yuko hivyo haswa, kahawia na doa jeupe, amelala katikati ya jani. Akikua anakuwa kijani. Mguse mgongoni: kisogoni inachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa, imegawanyika mbili, na harufu kali. Wanangu wanamgusa makusudi, wanakimbia, wanarudi.

#52 Mkata_Mikorosho
Wote mmesahau maji moto, wale siafu wa mitini. Mimi mkorosho wangu umejaa hao siafu wekundu wanaoshona majani, na chini yake hakuna kiwavi anayefikisha umri wa kuoa. Kiwanja, angalia kama una mwembe wenye viota vya majani yaliyoshonwa. Unaweza kupanda midimu ishirini, wanabeba mayai yote.

#53 Fundi_Bustani
Maji moto ni kweli. Ila hao hao ndio wanaosaidia wakulima wa korosho na minazi dhidi ya wadudu wanaonyonya, usiwachome moto. Weka mdimu kwenye ndoo kubwa, mbali na matawi yanayogusana, simamisha ndoo juu ya tofali ndani ya beseni la maji. Hawaogelei.

#54 Kiwanja_Goba
Mwembe upo, viota vipo, na ndio unaoweka kivuli kwenye iksora tangu saa sita mchana.

#55 Fundi_Bustani
Kivuli tangu saa sita! Hilo ungesema mwanzo. Kipepeo anahitaji jua kupasha misuli ya mabawa, penye kivuli na upepo hakai. Ua liwe juani, mgongo wake uwe umekingwa na upepo wa kusi. Kwa jirani kuna jua kutwa?

#56 Kiwanja_Goba
Kutwa.

#57 Mzee_Korogwe
Na mvua ikija?

#58 Mpita_Njia
Mpaka sasa: dawa, chakula cha viwavi, msimu, aina ya ua, saruji, kinyozi wa duranta, siafu, kivuli. Bado mchawi tu.

#59 Jambiani_Kwetu
Na tope. Madume yapenda kunyonya tope lenye chumvichumvi. Weka sahani ya mchanga yenye maji kidogo na samadi kiduchu.

#60 Boss_wa_Kivule
Na ndizi zilizooza. Wale wakubwa wanaoruka kwa nguvu, Charaxes, hawahangaiki na maua. Ponda ndizi mbivu, mimina bia kidogo, acha ichachuke, weka juu ya mti.

#61 Chuma_Chakavu
Mti uko wapi nije nao?

#62 Kiwanja_Goba
Wakuu, mrejesho. Mwembe nimepunguza matawi, duranta nimeiacha nywele ziote, dawa zote stop. Mdimu uko kwenye ndoo. Lakini jirani leo kashusha tripu mbili za mchanga na tofali, anaanza msingi. Tikini yote itakwenda. Naweza kuhamisha?

#63 Tanga_Raha
Kata vipande vyenye vifundo, chomeka tu kwenye udongo wenye unyevu, kila kifundo kinatoa mizizi. Chukua jioni, si juani.

#64 Fundi_Bustani
Iwe kwenye kitanda chenye kingo. Ikiingia kwenye nyasi zako utanitafuta kwa simu.

#65 Pwani_Gede
Ikizidi yachumwa, yapikwa. Hapo tatizo ni lipi?

#66 Mdudu_Kazi
Kabla hujapika geuza majani, angalia mayai kwa chini.

#67 Tanga_Raha
Kiwanja, pentas ninazo hapa Muheza, nyekundu na nyeupe. Vipandikizi naweza kuvifunga kwenye gazeti lililolowa na kukutumia kwa basi la asubuhi, mchana uko stendi unapokea. Nauli ya mzigo juu yako. Nifungashe ipi?

#68 Kiwanja_Goba
Nyekundu nyingi. Nyeupe weka chache za mama watoto, anasema anazitaka karibu na dirisha.